Joseph Pilates: mtoto wa pumu aliyewafundisha watu kupumua

Binti yangu anakwenda pilates. Jumatatu na Jumatano, akishasali Magharibi, anachukua mkeka wake wa plastiki, anavaa abaya juu ya nguo za mazoezi, haoo anaondoka. Siku za mwanzo bibi yake, yaani mama yangu mimi, alidhani hilo ni jina la duka. Akamwagizia amletee vitambaa vya kufutia mikono.

Mama ana ugonjwa sugu wa mapafu, na sigara hajaitia mdomoni hata siku moja. Lakini tangu ana miaka saba au minane alikuwa akipuliza moto wa kuni na makumbi ya nazi kwenye jiko la uani kwao Unguja, chumba hakina dirisha, moshi unatokea mlangoni tu. Alipokuja Oman miaka ya 70 kuni akaziacha, chetezo hakukiacha. Udi asubuhi, ubani jioni, bukhuri wakija wageni. Daktari wa kifua alipotueleza kwamba moshi wa jikoni wa miaka mingi unaweza kuharibu mapafu kama unavyoharibu moshi wa tumbaku, Mama alinigeukia mimi akanitazama, kama kwamba mimi ndiye niliyemchongea.

Basi jioni moja binti yangu karudi, bibi yake anamuuliza huko mnafanya nini hasa saa nzima. Mtoto akamjibu kwamba nusu ya kazi ni kupumua. Mama akacheka mpaka akaanza kukohoa. Watu wanalipa riale kwenda kupumua! Ndipo nikakaa na simu yangu kutafuta nini hii pilates. Nilidhani ni neno la Kilatini. Kumbe ni jina la mtu, tena mtu aliyezaliwa na kifua kibovu. Nikamsimulia Mama habari zake kidogo kidogo, alasiri baada ya alasiri, kahawa ikiwa mezani. Na nyinyi wasomaji nakusimulieni kama nilivyomsimulia yeye.

Joseph Hubertus Pilates alizaliwa tarehe 9 Desemba 1883 huko Mönchengladbach, mji wa viwanda vya nguo magharibi ya Ujerumani, karibu na mpaka wa Uholanzi. Baba yake alikuwa fundi wa chuma na mpenzi wa mazoezi ya viungo. Mtoto mwenyewe alikuwa hoi. Alikuwa na pumu. Alikuwa na matege, yaani mifupa laini inayopinda. Akaugua na homa ya baridi yabisi, ile inayoweza kuacha kovu kwenye moyo. Inasimuliwa pia kwamba wenzake walimtania kwa jina lake, kwa kuwa linafanana na la yule liwali wa Kirumi katika kisa cha Wakristo, Pontio Pilato. Watoto ni watoto, hawana huruma popote walipo.

Hapa Mama alinisimamisha. Akataka kujua wakati ule mtoto wa pumu alikuwa akipewa dawa gani. Nikamwambia, vipampu vya kuvuta dawa hivi tunavyobeba kwenye mikoba havikuwapo. Walikuwapo watu wakivutishwa sigara za dawa, zilizosokotwa kwa majani ya mmea wenye sumu, ati zifungue kifua. Walikuwapo waliopelekwa baharini au milimani kupata hewa. Waliobaki walikaa dirishani wakingoja usiku upite. Mama akatikisa kichwa. Kukaa dirishani anakujua.

Joseph hakukubali kukaa dirishani. Alisoma vitabu vya maumbile ya mwili, akaangalia wanyama wanavyojinyoosha na wanavyotembea, akaanza mazoezi ya viungo, ndondi, kunyanyua vitu vizito, kuteleza kwenye theluji. Inasemekana alipofika miaka 14 mwili ulikuwa umeshajengeka kiasi cha kutumiwa kama mfano wa kuchorea picha za misuli. Hilo la umri mimi nalichukua kama masimulizi ya familia, kama sisi tunavyosema babu alikuwa akinyanyua gunia la karafuu kwa mkono mmoja. Lakini picha zake za ukubwani zipo, na mtu akiziangalia haamini kwamba kifua kile kiliwahi kushindwa kuvuta hewa.

Mnamo 1912 hivi akaenda Uingereza. Huko aliishi kwa ndondi, kwa sarakasi na kwa kufundisha watu kujihami. Mwaka 1914 vita vikaanza, na Mjerumani aliyeko Uingereza akawa adui hata kama hajagusa bunduki. Wakamkamata pamoja na maelfu ya wenzake. Kwanza alifungwa kwenye kambi ya Lancaster, kisha akapelekwa Knockaloe, kambi kubwa kwenye Isle of Man, kisiwa kilicho katikati ya bahari baina ya Uingereza na Ireland. Kambi ile ilifika kuwa na wafungwa zaidi ya 20,000. Hawakuwa askari. Walikuwa wapishi, vinyozi, mabaharia, makarani, wafanyabiashara, watu waliokuwa na maisha yao London au Manchester juzi tu.

Hebu fikirini. Mabanda ya mbao, upepo wa bahari ya baridi, matope, senyenge, na hakuna kazi. Mtu anakaa miaka mitatu minne bila ya kujua lini atatoka. Wengi walilala tu vitandani mwao wakaanza kuoza roho kabla ya mwili. Pilates akawa anawaamsha. Alikuwa akiwafanyisha wenzake mazoezi chini, sakafuni, kwa kuwa sakafu ndiyo kitu pekee walichokuwa nacho cha kutosha. Mazoezi ya mkekani anayofanya binti yangu leo kwenye jengo lenye kiyoyozi asili yake ni hiyo, sakafu ya mbao ya wafungwa.

Na kuna kisa cha springi. Inasimuliwa kwamba aliwaona wagonjwa wasioweza kushuka kitandani, akachukua springi za kitanda akazifunga kwenye nguzo za kitanda chenyewe, ili mgonjwa avute na kusukuma hali amelala. Springi ikivutwa inakataa kidogo, na ukiiachia inakurudisha polepole. Mtu dhaifu anaweza kupewa springi nyepesi, akipata nguvu anaongezewa nyingine. Baadaye alitengeneza vitanda na viti maalumu vya springi namna hiyo, akavikatia hati za uvumbuzi. Ukiingia studio yoyote ya pilates leo utaiona ile mashine yenye jukwaa linaloteleza, springi zake zimejipanga chini kama nyuzi za kanuni.

Nilipofika hapo kwenye springi nilimwona Mama amenyamaza. Nitakuambieni kwa nini mbele kidogo.

Mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua ulioua mamilioni ya watu duniani, na uliingia makambini pia. Wapenzi wa Pilates wanapenda kusimulia kwamba katika watu waliofuata mazoezi yake hakufa hata mmoja. Kisa kizuri, lakini mimi siwezi kukibeba kama ushahidi. Mafua yale yaliwaua vijana wenye vifua vizima wasio na kasoro. Sipendi pia kumwambia mgonjwa kwamba kama angalipumua vizuri asingaliugua. Mama ameshaambiwa maneno ya namna hiyo na watu waliokuja kumwangalia, na walipoondoka alilia.

Vita vilipokwisha alirudishwa Ujerumani, na 1926 akapanda meli kwenda New York. Safarini, kwa masimulizi yao wenyewe, ndipo alipokutana na Clara, ambaye watu wote walikuja kumjua kama mkewe. Wakafungua studio yao namba 939 Eighth Avenue, mtaa uliokuwa karibu na kumbi za ngumi na za ngoma. Joseph alikuwa mkali, sauti juu, anamkandamiza mwanafunzi mpaka akae sawa. Clara alikuwa mpole. Waliosoma kwao wanasimulia kwamba mgonjwa hasa, mwenye mgongo au kifua, alikimbilia kwa Clara, kwa sababu yeye alikuwa akisikiliza kwanza ndipo asogeze mkono wa mtu. Kila nyumba ina Joseph wake na Clara wake, na kila mgonjwa anajua nani wa kumwita usiku.

Wachezaji ngoma wakubwa wa New York walimjua. George Balanchine, bwana wa baleti, alikuwa akimpelekea wachezaji wake walioumia. Martha Graham pia alikuwa na uhusiano naye. Wachezaji walikuja na vifundo vya miguu na migongo, wakarudi jukwaani, na habari zikaenea kwa mdomo. Yeye mwenyewe mchezo wake hakuuita pilates. Aliuita Contrology, kwa maana ya elimu ya kuutawala mwili kwa akili. Mwaka 1934 alitoa kitabu kidogo kuhusu afya, na 1945 akatoa kingine pamoja na William John Miller, Return to Life Through Contrology, chenye mazoezi 34 ya mkekani na picha zake mwenyewe akiwa amevaa kaptula fupi. Ile kaptula alikuwa akiivaa hata kwenye theluji. Mama alipoziona picha alisema mzee huyu hana haya, kisha akaomba niikuze picha aone mbavu.

Maana mbavu ndiyo habari yenyewe. Kwa Pilates kila kitu kilianzia kwenye pumzi. Aliona watu wa mjini wanavuta hewa nusu na kuitoa nusu, kifua cha chini hakifanyi kazi, hewa iliyochoka inabaki humo. Akawafundisha kuyakamua mapafu kama dobi anavyokamua shuka, mpaka tone la mwisho, halafu hewa mpya iingie yenyewe. Zoezi lake la kwanza kitabuni linaitwa Hundred, mia. Mtu amelala chali, kichwa kimeinuka, miguu imenyooka juu kidogo ya ardhi, mikono inapigapiga ubavuni. Unavuta pumzi kwa mapigo 5, unatoa kwa mapigo 5, mara 10, ndiyo mia. Nililijaribu sebuleni, mlango nimefunga. Nilifika arubaini.

Alikuwa na na kidude kingine nilichokipenda kuliko mashine zake zote. Kilikuwa kama kipangaboi kidogo cha kupuliza, akikiita Breath-a-cizer. Mwanafunzi anapuliza, pangaboi linazunguka, na kazi yake ni kulifanya liendelee kuzunguka kwa muda mrefu na kwa mwendo mmoja. Si kupuliza kwa nguvu likapaa kisha likafa. Pumzi ndefu, sawasawa, mpaka mwisho. Mtu anaiona pumzi yake kwa macho.

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu katika nyie mnaosoma nina hakika kuna wenye mama kama wangu, au baba aliyevuta sigara miaka 40, au ami aliyefanya kazi kwenye vumbi. Msiwalaze chali mkawafanyisha mia.

Ugonjwa alionao Mama unafanya hivi. Mapafu mazima ni kama puto jipya: ukilijaza, linataka lenyewe kurudi dogo. Mapafu yaliyoharibiwa na moshi ni kama puto la sikukuu iliyopita. Vile vifuko vidogo vya hewa vimelegea na kubomoka, hewa inaingia lakini kutoka inasita, na njia zenyewe ndogo zinajifunga mtu akisukuma kwa nguvu. Kwa hiyo tatizo lake kubwa ni kutoa. Hewa ya zamani inabaki ndani, kifua kinavimba, na kiwambo, ule msuli mpana uliotandikwa chini ya mapafu kama kawa, kinasukumwa chini mpaka kinalala bapa. Msuli uliolala bapa hauna pa kuvutia tena. Ndiyo maana unaona wagonjwa wanapumua kwa shingo na mabega.

Mgonjwa wa namna hii akiambiwa akamue kwa nguvu zake zote, anaweza kuzidi kuifungia hewa ndani. Pilates alikuwa sawa kwamba kutoa pumzi ndiyo kazi kubwa na ndefu kuliko kuvuta. Lakini ile nguvu yake, ule ukali wake wa mwalimu wa ndondi, hautufai sisi wa mapafu malegevu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyetupokea mwaka jana alimfundisha Mama kwa upole kabisa: vuta kwa pua ukihesabu mbili, kunja midomo kama unapooza chai, toa polepole ukihesabu nne, bila ya kusukuma. Ile midomo iliyokunjwa inaacha mgandamizo mdogo ndani, njia za hewa zinabaki wazi kidogo zaidi, hewa inatoka. Akimbana sana, asilale. Akae, ainame mbele, viwiko juu ya meza, mabega yapumzike. Mambo haya hayana gharama, na miaka minne nyuma kulikuwa na pahala tulipokwenda tukaambiwa Mama akae kitini asijichoshe. Alikaa. Miguu ikaisha nguvu, kutoka chumbani mpaka chooni ikawa safari, na kila alivyozidi kukaa ndivyo alivyozidi kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo. Siwataji. Ila hasira yake bado ninayo.

Mtaalamu yule alitupa vilevile kifaa cha kuvutia pumzi, bomba la plastiki la ukubwa wa chupa ya dawa. Ndani yake mna kilango kinachoshikiliwa na springi. Huvuti hewa mpaka uvute kwa nguvu ya kuishinda springi, na springi hukazwa kidogo kidogo kwa wiki. Walimpima kwanza nguvu ya kuvuta aliyonayo, wakamwekea mwanzo kama asilimia 30 ya hiyo. Kazi yake ni kuupa mazoezi msuli wa kiwambo na misuli ya mbavu, kama mtu anavyoupa mkono mazoezi kwa kunyanyua kitu. Mapafu yaliyobomoka hayarudi, hilo walitueleza wazi. Kinachoweza kurudi ni nguvu ya misuli inayoyaendesha. Tena wakasisitiza kwamba kutembea na mazoezi ya miguu ndiyo msingi, bomba ni la kuongezea, na si la kila mgonjwa. Mtu aliyewahi kupasuka pafu, kwa mfano, asiliguse mpaka daktari wake aseme.

Mama alilitumia siku tatu. Siku ya nne akalitia kwenye kabati chini ya mashuka. Alisema ni mchezo wa kitoto, na kwamba mtu wa umri wake akionekana ananyonya plastiki wageni watacheka. Likakaa humo miezi mitano.

Sasa mmefahamu kwa nini alinyamaza niliposimulia springi za kitanda cha Knockaloe. Hakusema neno siku ile. Kesho yake asubuhi nilikuta milango ya kabati iko wazi na mashuka yamevurugwa.

Namalizia ya mzee Joseph. Kitu kilichomuuma hadi uzee wake ni kwamba madaktari hawakumkubali. Aliamini yuko mbele ya zama zake kwa nusu karne, na alikuwa akilisema hilo bila ya haya, kama alivyokuwa hana haya na kaptula. Alitaka skuli zote na hospitali zote zifundishe njia yake. Alipata wachezaji ngoma, waigizaji na matajiri wa New York, na hao hawakumtosheleza. Mimi namwona kama watu wetu fulani wa zamani wenye ujuzi wa kukanda na kuunga mifupa, wanaojua kitu kweli, lakini wakiulizwa swali moja wanakasirika. Ukali ukimtoka mtu mwenye elimu, watu wanaikimbia elimu yenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo Mama hakulisamehe. Wanafunzi wake wanasimulia kwamba alikuwa akipenda biri, zile sigara nene. Mtu wa pumu! Aliyeandika habari za hewa safi! Mama aliniuliza mara mbili kama nimesoma vizuri. Nikamjibu nimesoma vizuri. Akaangalia chetezo chake kilichoko juu ya rafu, akanyamaza, na mimi pia sikusema kitu, kwa kuwa mtoto ana mpaka wake mbele ya mzazi.

Joseph Pilates alifariki New York tarehe 9 Oktoba 1967, miezi miwili kabla ya kutimiza miaka 84. Kuna hadithi kwamba ulitokea moto katika jengo la studio yake na moshi ndio uliommaliza. Hadithi ile inapendwa kwa sababu ni ya kishujaa. Lakini kilichomuua ni emfisima, ndiyo huohuo ugonjwa wa vifuko vya hewa kulegea ambao Mama anao. Mtoto aliyeanza maisha akitafuta pumzi aliyamaliza akitafuta pumzi, na katikati yake alikuwa na miaka karibu 70 ya kifua kipana. Nilipokuwa nasoma hapo nilifunga simu. Sikujua kama nimwambie Mama au nisimwambie. Nilihofia atasema, basi hayo mazoezi yamemfaa nini?

Nilimwambia. Siku nzima nilijizungusha, mwisho nikamwambia. Akauliza alikuwa na umri gani. Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akasema huyu amenizidi miaka sita, tena kwa biri.

Clara aliendelea na studio peke yake, na baada yake Romana Kryzanowska, mchezaji baleti aliyefika kwao kijana na kifundo cha mguu kilichoumia. Wanafunzi wengine walifungua studio zao huko California na kwengineko. Mwaka 2000 mahakama ya Manhattan iliamua kwamba jina Pilates haliwezi kumilikiwa na mtu mmoja, limekuwa jina la mchezo kama vile yoga au karate. Tangu hapo likatapakaa duniani, mpaka likafika Maskati, mpaka likamfikia binti yangu na mkeka wake wa rangi ya waridi.

Siku hizi bomba liko juu ya meza ya kahawa, wazi, karibu na sahani ya tende. Mama analitumia asubuhi baada ya kusali Alfajiri na alasiri, na mgeni akiangalia sana anamwambia hiki kina springi, kama cha yule Mjerumani. Vipimo vyake vya mapafu havijabadilika, na daktari alitutayarisha kwamba havitabadilika. Lakini mwezi uliopita alitembea kutoka chumbani hadi kwenye lango la nje akasimama mara moja tu, alipokuwa akisimama mara tatu. Bado anasalia kwenye kiti. Chetezo kimehamia barazani, nje, na hilo halikuhitaji mjadala. Siku moja nilikikuta kiko huko.

Ijumaa iliyopita binti yangu alimletea bibi yake pangaboi la karatasi kutoka duka la vitu vya watoto, zawadi ya mzaha kwa sababu ya ile Breath-a-cizer. Mama alilishika, akaligeuza, akasema limetengenezwa vibaya, mabawa mazito. Kwao walikuwa wakisuka la ukuti wa mnazi, na mwiba wa mchongoma katikati, wanakimbia nalo ufukweni hata likavuma. Kisha akakunja midomo, akapuliza. Likazunguka. Sisi tukahesabu. Alifika sita, akapumzika, akataka tena.